Jinsi ya kujua ua lako la ndani linataka mwanga zaidi: mwongozo kamili kwa sisi wa nyumba zenye giza

Mwaka wa kwanza nilipohamia Sinza, hapa Dar, niliua maua matatu. Chumba na sebule, nyumba ya chini, dirisha la sebuleni linatazamana na ukuta wa jirani, hata mita mbili hazifiki. Kila ua likianza kunyong'onyea mi namwagia maji, likizidi kunyong'onyea nazidisha maji, afu nikaja nikaongeza na samadi juu yake. La nne lilikuwa mani planti, lile ua la kutambaa lenye majani kama moyo, nikalibeba na chungu chake mpaka kwa mama mmoja anauza maua pale barabarani, nikijua ataniuzia dawa. Akachomeka kidole kwenye udongo, akakinusa, akaniangalia. "Mwanangu, unalimwagia maji ya nini hili? Umeliweka wapi?" Nikamwambia liko pembeni ya tivii. Akacheka kweli kweli, na dawa hakuniuzia.

Sasa hivi nina maua kumi na kitu kwenye sebule ile ile na ukuta wa jirani bado upo. Ninachoandika hapa ni kile ambacho ningependa mtu aniambie siku ile nanunua la kwanza.

Kwanza kabisa, usiyaamini macho yako

Mtu akikwambia "mbona kwangu kuna mwanga wa kutosha tu", muulize amepimaje. Macho yetu yanajirekebisha, ukiingia ndani mboni inatanuka na baada ya dakika moja unaona sebule iko poa tu, unasoma, unachati, freshi. Ua halina mboni. Mwanga unapimwa kwa laksi, na jua la wazi la saa sita mchana linafika laksi laki moja hivi. Kivulini huko nje, kwa mfano upande wa nyumba usiopigwa na jua, bado unapata elfu kumi na kuendelea. Ukiingia katikati ya sebule, pale kwenye kochi, mara nyingi ni mia moja mpaka mia tatu. Yani umepiga hatua tano tu kutoka barazani na mwanga umepungua mara mamia, na jicho lako halijashtuka.

Afu kuna kitu kingine ambacho kinatuchanganya sana watu wa huku. Tunaona nje jua linachoma mpaka lami inalainika, tunasema ndani haliwezi kukosa mwanga. Lakini jua letu liko utosini. Mchana linapiga bati, haliingii dirishani, na nyumba zetu zina mabaraza mapana, grili, wavu wa mbu, pazia zito, na siku hizi vioo vya tinti juu yake. Ndo maana nyumba nyingi za Dar zina giza kuliko za watu wa Ulaya ambao jua lao liko chini na linaingia mpaka uvunguni.

Na hapo hapo, zile video na makala za nje zinazosema weka ua dirisha la kusini, achana nazo. Zile ni za wenzetu wa kaskazini ya dunia, jua kwao muda wote linapita upande wa kusini. Hapa Dar jua linapita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena kama tarehe 10 Oktoba hivi. Kati ya Machi na Oktoba, kipupwe chote kikiwemo, mchana jua liko upande wa kaskazini, afu kuanzia katikati ya Oktoba mpaka mwanzoni mwa Machi linahamia kusini. Kwahiyo dirisha la kaskazini linakuwa zuri mwezi wa sita na la kusini linachangamka mwezi wa kumi na mbili. Madirisha ya mashariki na magharibi ndo yanapata jua mwaka mzima, la mashariki jua la upole la asubuhi, la magharibi jua kali la alasiri. Kama una dirisha la mashariki lisilozibwa na jirani, shukuru Mungu, hapo weka ua lolote la majani.

Hatua ya 1: angalia majani mapya, ya zamani yaache

Hili ndo kosa watu wengi wanafanya. Ua umelinunua limeshiba, majani manene yanang'aa, lakini yale majani limeyatoa likiwa kwa muuzaji, nje, chini ya wavu wa kivuli. Hayakwambii chochote kuhusu kwako. Linaloongea ukweli ni jani lililochipuka baada ya wewe kulileta nyumbani. Kwahiyo chukua uzi, mi nilitumia uzi mwekundu wa kushonea, funga kwenye shina chini kidogo ya chipukizi la mwisho, andika tarehe kwenye kikaratasi. Chochote kitakachoota juu ya uzi ni kazi ya nyumba yako.

Subiri wiki tatu nne afu kaa nalo chini ulikague.

Cha kwanza pima pingili. Pingili ni ile nafasi ya shina kati ya jani na jani, kama pingili za muwa. Mani planti yangu chini ya uzi ilikuwa na pingili za sentimita 4, juu ya uzi zikaja 9, 11, mpaka 13, shina limekonda kama waya wa chaja. Hii ndo dalili ya uhakika kuliko zote. Ua likikosa mwanga linatumia akiba yake kurefuka ili lifike mahali penye mwanga, linakimbia kwa maana hiyo, na linaruka hatua ya kutengeneza majani. Watu wanaona ua linarefuka haraka wanafurahi eti limekubali. Halijakubali, linatafuta pa kutokea.

Cha pili angalia ukubwa wa jani. Jani jipya likitoka dogo kuliko lililotangulia, na linalofuata likatoka dogo zaidi, kuna tatizo. Ila hapa kuwa makini kidogo, mani planti inayoning'inia kutoka juu ya kabati majani yake yanapungua ukubwa hata mwanga ukiwepo, kwa sababu lile ni ua la kupanda mti, likipanda juu linatoa majani makubwa, likining'inia linatoa madogo. Kwa hilo amini pingili kuliko jani.

Cha tatu ni rangi. Maua yenye mabaka meupe au ya njano yakikosa mwanga yanageuka kijani tupu. Sehemu nyeupe ya jani haina klorofili, ile rangi ya kijani inayopikia chakula cha ua, kwahiyo haitengenezi chakula, inakula tu vya wenzake, mwanga ukiwa mdogo ua linaacha kuzaa majani ya mapambo na kuanza kutoa yanayofanya kazi. Krotoni ndo inakuumbua haraka, imekuja na nyekundu na machungwa, miezi miwili ndani ya chumba inatoa majani ya kijani kibichi kama mchicha.

Cha nne kuegemea. Ua lote linainamia upande wa dirisha. Kuna homoni kwenye shina inaitwa oksini, inajikusanya upande wa kivuli na kufanya upande huo urefuke zaidi, ndo shina linapinda kuelekea mwanga. Kupinda kidogo ni kawaida kwa kila ua la dirishani, usipaniki. Ila likipinda mpaka chungu kinataka kuanguka, au ukilizungusha leo baada ya siku nne limeshageuka tena, hilo linalia.

Dalili zinatofautiana ua kwa ua

Mshubiri na jamii ya kaktasi hazijui kuficha. Mshubiri ukiwa gizani majani yanalala chini badala ya kusimama, yanakuwa membamba na kijani iliyopauka. Kaktasi ya duara inaota kichwa chembamba juu, kama chupa yenye shingo, na ile shingo haitanenepa tena hata uiweke juani mwaka mzima.

Monstera inatoa majani mazima yasiyochanika na vikonyo virefu vinavyotapanya ua kila upande mpaka linakula nusu ya sebule. Ila monstera mtoto naye majani yake hayana michaniko, kwahiyo kama ni dogo mpe muda kabla hujahukumu.

Pisi lili inabaki kijani nzuri kabisa, ila haitoi ua hata moja mwaka mzima. Watu wengi wanasema "hii ni ya kivuli", ni kweli inavumilia, lakini kuvumilia na kustawi ni vitu viwili.

Sneki planti, lile la majani marefu yaliyosimama kama mapanga, na zizi planti (ZZ) ndo waongo wakubwa. Muuzaji atakwambia haya hata chooni yanakaa. Zizi planti ni ya kwetu kabisa, porini inaota kuanzia Kenya, Tanzania mpaka huko Afrika Kusini, na chini ya udongo ina viazi vinavyohifadhi maji na chakula. Ndo maana ukiiweka gizani haifi leo wala mwezi ujao, inakula akiba. Dalili yake ni kutotoa chipukizi jipya, au likitoka linakuwa refu, jembamba, vijani vimeachana, linalala upande. Sneki planti jani jipya linatoka jembamba na laini, linashindwa kusimama lenyewe. Ukiona hivyo ujue limeteseka kitambo.

Na kuna yule mwingine wa kwetu ambaye wazungu wanampenda kuliko sisi, ua la zambarau la Usambara, vioo vya madirisha ya Ujerumani vimejaa maua ambayo asili yake ni milima ya Tanga na huku kulipata ni kwa kutafuta. Jina lake la kitaalamu la zamani, Saintpaulia, linatokana na Walter von Saint Paul-Illaire, Mjerumani aliyepeleka mbegu kwao enzi za ukoloni, na likaandikwa kitaalamu mwaka 1893. Porini linaota kwenye miamba yenye kivuli cha msitu, kwahiyo jua la moja kwa moja linalibabua, lakini giza nalo hapana: vikonyo vinarefuka vinanyanyuka juu kama vinaomba, na maua yanakoma. Dirisha la mashariki ndo kwao.

Hatua ya 2: hakikisha sio kitu kingine

Majani ya njano pekee yake sio ushahidi, maana karibu kila shida inaleta njano. Chomeka kijiti kikavu, hata cha mshikaki, mpaka chini ya chungu, kiache dakika kumi, kichomoe. Kama umemwagia siku kumi zilizopita na kijiti kinatoka na tope, maji hayanyweki. Na hapa ndo panapotuchanganya wengi, kwa sababu ua lisilopata mwanga halinywi maji. Usanisinuru, yani kutengeneza chakula kwa mwanga, umepungua, ua limezubaa, maji yanakaa mule mule, mizizi inaoza, majani yananyong'onyea, na wewe unaona kiu unaongeza maji. Ndo nilivyoua yale matatu ya mwanzo. Ukiona na vile vidudu vyeusi vidogo vinaruka ruka juu ya udongo ukigusa chungu, ni hadithi hiyo hiyo, vinapenda udongo usiokauka.

Udongo ukiwa mkavu kama unga na majani yamekakamaa pembeni, hiyo ni kiu ya kweli, mwagilia tu. Vumbi kama pamba nyeupe kwenye makutano ya jani na shina ni vidung'ata, utando mwembamba chini ya majani ni utitiri, hizo ni habari za siku nyingine. Na mabaka meupe au ya kahawia makavu katikati ya jani, upande unaotazama dirisha tu, hapo ni kinyume chake, limeungua na jua.

Hatua ya 3: pima mwanga

Njia ya bure: saa sita mchana weka karatasi nyeupe pale ua linapokaa, nyoosha mkono juu yake kama sentimita 30. Kivuli kikiwa na kingo kali, vidole vinahesabika, mwanga ni mkubwa. Kikiwa na ukungu lakini unaona ni mkono, ni wa kati, maua mengi ya majani yatakaa. Kama huoni kivuli au unaona doa tu, hapo hata zizi planti anakuvumilia.

Njia ya pili ni simu. Pakua programu yoyote ya kupima laksi, simu nyingi za Android zina kihisi cha mwanga juu karibu na kamera ya selfi, kwahiyo kiweke usawa wa majani na kioo cha simu kitazame dirisha, usikizibe na kichwa chako (mi nilifanya hivyo wiki nzima). Pima mara tatu kwa siku, saa tatu asubuhi, saa sita, saa kumi jioni, maana sehemu nyingine inapata jua nusu saa tu na ukipima muda huo utajidanganya. Namba za simu sio za maabara ila zinatosha kulinganisha kona na kona.

Kwa uzoefu wangu chini ya laksi 500 ua linasubiri kufa taratibu. Elfu moja mpaka elfu mbili na nusu, mani planti, zizi na sneki zinakua polepole. Kuanzia hapo mpaka elfu kumi ndo raha ya maua mengi ya ndani. Kaktasi, mshubiri, krotoni, mrehani, hizo zinataka jua lenyewe, masaa manne matano ya jua la kweli, usijisumbue kuziweka mezani.

Mi kwangu pale pembeni ya tivii nilipata laksi 90. Tisini! Usawa wa dirisha, hatua nne tu, 1,400.

Hatua ya 4: ongeza mwanga, anza na vya bure

Fua wavu wa mbu. Sitanii. Wavu wa dirisha la Dar baada ya mwaka mmoja una vumbi limeganda mpaka matundu yameziba, mi niliutoa nikausugua na sabuni ya unga, nikafuta na vioo, nikapima tena pale pale: kutoka 1,400 mpaka 2,100. Sikuhamisha hata chungu. Fungua pazia zito mchana, bakiza lile jepesi. Futa majani yenyewe kwa kitambaa chenye maji, vumbi nalo ni pazia.

Afu sogeza. Mwanga unashuka kwa kasi sana ukiachana na dirisha, sentimita 50 za kwanza zina faida kuliko kitu chochote utakachonunua. Stuli, kishubaka, hata kuning'iniza kwenye grili kwa ndani. Ukuta wa karibu ukiwa umepakwa rangi ya kijani kizito au kahawia, rangi nyeupe inarudisha mwanga mwingi, ila hiyo kwa mpangaji ni mazungumzo na mwenye nyumba. Kila ukimwagilia zungusha chungu robo, ili ua likae wima.

Kama una baraza, fanya zamu: la ndani likae ndani wiki mbili, litoke likapumzike kivulini wiki mbili, lingine liingie. Hii inafanya kazi hata kwa chumba kisicho na dirisha kabisa.

Lakini usilitoe ghafla. Nina raba planti niliyoihurumia mwezi wa kwanza, nikaitoa sebuleni moja kwa moja mpaka juani saa sita, nikaenda kazini. Narudi jioni majani saba yana mabaka meupe kama yamemwagiwa jiki. Jani likiungua haliponi, linabaki na kovu mpaka lidondoke. Toa kwa hatua, kivulini kwanza siku tatu nne, afu jua la asubuhi kwa muda wa saa moja tu, kesho kutwa masaa mawili, mpaka wiki mbili ziishe.

Hatua ya 5: taa, kama dirisha limeshindikana

Huhitaji zile taa za zambarau zinazofanya nyumba ionekane klabu. Balbu ya kawaida ya LED nyeupe, ya wati 10 mpaka 15, ikiwa sentimita 20 mpaka 30 juu ya ua, masaa 12 kwa siku, inatosha kwa maua ya majani. Balbu ikiwa darini kule juu haisaidii kitu, umbali ndo kila kitu hapa. Wati 10 kwa masaa 12 ni uniti 0.12 kwa siku, kama uniti 3.6 kwa mwezi, piga mwenyewe kwa bei ya LUKU yako. Usiiache usiku kucha, ua nalo linahitaji giza. Umeme ukikatika siku moja usiwaze.

Hatua ya 6: baada ya kulihamisha

Zile pingili ndefu hazirudi kuwa fupi, usikae ukisubiri. Mani planti kata juu kidogo ya fundo, pale jani linapotokea kwenye shina, kila kipande kiwe na fundo moja au mawili, weka kwenye glasi ya maji, baada ya wiki mbili tatu mizizi ipo, afu panda vipande vitano kwenye chungu kile kile ili kijae. Lile shina lililobaki litachipua pembeni.

Mbolea usiweke mpaka uone jani jipya, ua lililodhoofika halina cha kufanya nayo. Na ratiba ya maji ya zamani isahau, kwenye mwanga udongo unakauka haraka zaidi, rudi kwenye kijiti. Majani mawili matatu ya chini yanaweza kudondoka wiki za kwanza, yaache yaende. Mwezi wa sita na wa kumi na mbili pima tena, jua litakuwa limehamia upande mwingine na pengine ua litabidi lihame nalo.

Ile mani planti ya pembeni ya tivii sikuikata yote. Nimeacha tawi moja linapita juu ya grili, na ule uzi mwekundu bado upo. Chini ya uzi pingili za sentimita 4, juu yake lile eneo la aibu la 9, 11, 13, afu kuanzia nilipolihamishia dirishani 7, 5, 5, 4.